Ladha, Mchezo na Hukumu: Wasikilizaji Mbele ya Albamu ya Punch Brothers

Swali la iwapo hukumu ya mtu juu ya uzuri wa muziki yaweza kuwa sahihi au potofu, au kama si zaidi ya tamko la kile ambacho nafsi yake imekipenda, ni miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa, na ni nadra kulisikia likiulizwa kwa ukali kama pale wasikilizaji wanapogawanyika juu ya kazi inayochezea mapokeo wanayoyaenzi. Kazi ya namna hiyo ni albamu ya Who's Feeling Young Now?, iliyotolewa mwaka 2012 na kundi la Marekani liitwalo Punch Brothers. Wanamuziki wake wakati huo walikuwa watano, yaani Chris Thile wa mandolini, Gabe Witcher wa fidla, Noam Pikelny wa banjo, Chris Eldridge wa gitaa na Paul Kowert wa besi kubwa ya kusimama, na mtu akizitazama ala zao tu ataona bendi ya blugrasi ya miaka ya 1940. Hata hivyo, ndani ya albamu hiyo mna tungo iliyotokana na kundi la Väsen la Uswidi, mna wimbo wa Kid A wa Radiohead, kundi la roki la Uingereza, na mna nyimbo zao wenyewe ambazo hubadili mwendo na hali kwa ghafla, ikawa msikilizaji aliyedhani amekwisha kuushika wimbo hulazimika kuutafuta upya.

Blugrasi ni muziki wa nyuzi wenye mwendo wa kasi na sauti za juu za waimbaji, ambamo ala hupokezana zamu za kuongoza huku nyingine zikishikilia mapigo, na muasisi wake ni Bill Monroe (1911–1996), mzaliwa wa Rosine katika jimbo la Kentucky, aliyeiita bendi yake Blue Grass Boys kwa lakabu ya jimbo hilo. Blugrasi ya mageuzi ni tawi lililobaki na ala hizo lakini likaazima tungo, mifuatano ya sauti na mapigo kutoka roki, jazi na muziki wa kitaalamu wa Ulaya. Kundi la New Grass Revival, lililoanzishwa huko Louisville mwaka 1971, lilikuwa limekwisha kuifungua njia hiyo muda mrefu kabla ya akina Thile, na malalamiko yaliyolipokea ni yale yale yanayosikika hadi leo.

Lalamiko kuu ni fupi: hii si blugrasi. Wanaolisema hawastahili kubezwa, kwa sababu chini yake kuna imani nzito kwamba muziki ni ahadi, kwamba anayeichukua banjo na kusimama palipokuwa pamesimama Monroe amejifunga kwa jambo fulani, na kwamba ahadi ikigeuzwa mzaha kuna mtu amedhulumiwa. Udhaifu wao uko katika kuidhania ahadi hiyo kuwa ni orodha ya mambo yaliyokwisha kufanywa. Historia haiwaungi mkono. Monroe mwenyewe aliuchanganya upigaji fidla wa wahamiaji kutoka Uskochi na nyimbo za kanisani, na pamoja na hayo akatia bluzi, ambayo aliifahamu kwa sehemu kutoka kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla mweusi wa sehemu zile zile za Kentucky. Na sauti ambayo leo huhesabiwa kuwa ndiyo blugrasi halisi ilikamilika Desemba 1945, alipojiunga naye Earl Scruggs, kijana aliyeipiga banjo kwa vidole vitatu kwa wepesi ambao wengi wa wasikilizaji wa redio hawakuwahi kuusikia. Banjo nayo ilifika Marekani katika kumbukumbu na mikono ya Waafrika waliopelekwa utumwani, jambo lililomfanya Béla Fleck, mpiga banjo mashuhuri wa tawi hili la mageuzi, asafiri hadi Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kupiga pamoja na wanamuziki wa huko, akiwamo Anania Ngoliga wa Tanzania, na mradi wake wa Throw Down Your Heart ulichukua jina lake kutokana na maelezo yanayolihusisha jina la Bagamoyo na kuubwaga moyo. Anayedai asili, basi, hana budi kueleza ni asili ipi, maana kila anapochimba hukuta mageuzi mengine.

Je, kuuchezea muziki ni kuuvunjia heshima? Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu nafasi ya mchezo katika utamaduni wa wanadamu, alitofautisha watu wawili ambao kwa kawaida huchanganywa, nao ni mdanganyifu anayeihalifu kanuni kwa siri huku akijifanya anaifuata, na mvurugaji anayeikataa kanuni yenyewe na hivyo kuubomoa ulimwengu wote wa mchezo. Tofauti hiyo ina faida kubwa hapa, kwa kuwa wapinzani wa Punch Brothers huwahukumu kama wavurugaji, ilhali sikio makini halitawaona hivyo. Katika Kid A, wimbo ambao Radiohead waliutoa mwaka 2000 kwa ala za kielektroniki na kwa sauti ya mwimbaji iliyopotoshwa na mitambo, watano hawa hutafuta kila mlio wa mashine katika mbao, ngozi, nyuzi na upinde, na kuupata si jambo dogo. Wamejiwekea sharti gumu kuliko lile la mapokeo, nao wanalitii kwa ukamilifu. Mchezo wa namna hii una kanuni, na anayezitii kanuni kwa nguvu kiasi hicho hawezi kuitwa mtu asiyejali.

Rai ya pili hutolewa kwa upole zaidi, na huenda kwa sababu hiyo ndiyo yenye madhara makubwa. Husemwa kwamba hakuna haja ya kubishana, kwa kuwa kipendacho moyo ni dawa, na kila msikilizaji abaki na chake. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliliona kosa la rai hii mwaka 1790 alipotenganisha kinachopendeza hisi na kilicho kizuri. Anayeusifu mvinyo wa visiwa vya Canary hukubali kwa urahisi akisahihishwa aseme kwamba unampendeza yeye. Lakini anayeliita jambo zuri hudai, hata bila kutambua, kwamba wengine nao yafaa wakubaliane naye, ingawa hana kanuni ya kuwalazimisha wala hesabu ya kuwathibitishia. Kant aliiona furaha ya uzuri kuwa inatokana na mchezo huru kati ya uwezo wa kubuni taswira na uwezo wa kufahamu, pale ambapo nafsi hushughulika kwa bidii bila kufungwa na dhana moja. Albamu inayomlazimisha msikilizaji kuutafuta wimbo upya kila baada ya hatua chache humtia ndani ya mchezo huo waziwazi. Kumwambia msikilizaji huyo kwamba alichokipata ni suala la ulimi wake tu ni kumkatalia kitu alichokisikia kweli, na ni kuwadunisha wanamuziki kuliko anavyowadunisha yule anayewapinga kwa hasira, kwa kuwa mpinzani angalau amekubali kwamba kuna jambo la kukosewa.

Hata hivyo, haitoshi kusema kuwa ladha hudai makubaliano. Ni lazima ijulikane dai hilo hupimwaje, na hapa David Hume wa Uskochi, katika insha yake ya mwaka 1757, anasaidia zaidi ya Kant. Hume anakitumia kisa kutoka riwaya ya Don Quixote cha ndugu wawili waliopewa waonje mvinyo wa pipa moja, mmoja akauona mzuri ila una ladha kidogo ya ngozi, mwingine akauona mzuri ila una ladha ya chuma, wakachekwa wote wawili, mpaka pipa lilipomalizwa ukakutwa chini ufunguo wenye kamba ya ngozi. Hukumu nzuri, kwa maoni yake, hutegemea hisi nyepesi, akili timamu, mazoezi, kulinganisha kazi nyingi na kujitakasa na upendeleo. Ni sifa hiyo ya mwisho inayowaponyoka wengi, maana upendeleo haukai kwa wapenda kale peke yao. Msikilizaji anayeisifu albamu hii kwa sababu tu imewataja Radiohead, au kwa sababu imemwondolea aibu ya kupenda muziki wa vijijini, hajaionja bado.

Baada ya kuyaondoa hayo hubaki lalamiko jingine, ambalo ndilo zito kuliko yote, nalo ni kwamba ustadi wa wapigaji hawa huwa mwingi kiasi cha kuuficha moyo. Lalamiko hili halijibiwi kwa nadharia wala kwa historia, bali kwa wimbo mmoja baada ya mwingine, na majibu hayafanani. Patchwork Girlfriend, wimbo ambao jina lake lenyewe linamtaja mpenzi wa viraka, umeimbwa kwa namna ya igizo, na kichekesho chake huonekana chote katika usikilizaji wa kwanza, hata ukirudiwa hauongezi kitu. Hapo wenye kulalamika wana haki. Kid A ni kinyume chake, kwa sababu ufundi wake haupo ili ushangiliwe. Ala zao zinapochukua nafasi ya sauti iliyokuwa imefichwa na mitambo, huzuni iliyokuwamo katika wimbo huo tangu mwaka 2000 husikika bila pazia, na msikilizaji anayeijua rekodi ya kwanza huirudia rekodi hiyo na kuigundua huzuni hiyo humo pia.