Uaminifu Wataka Ukweli

Upimaji wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wetu wa Njombe watu wazima zaidi ya 12 katika kila 100 wana virusi vya Ukimwi; katika nchi nzima ni 4 hivi. Twajiuliza: je, uaminifu wa mmoja watosha? Mume aweza kuteremka Makambako kuuza mbao, akarejea Ikonda na ugonjwa, na mkewe aliyetunza ndoa akaambukizwa. Yeye hakukosa, alinyimwa ukweli. Nasi tumnyosheapo kidole agonjwaye, twamfundisha kuficha. Basi wachumba na wanandoa wapimwe pamoja. Aliye na virusi ameze dawa kila siku, maana vikifubazwa kabisa hamwambukizi mwenziwe katika ndoa. Nasi tuache kusengenya, ili watu wasiogope kusema kweli.