Mpiga Chapa na Neno Lifutikalo



Katika mwaka 2009 mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu, na katika mwaka 2021 ukafungwa. Tangu hapo watu wengi wa nchi hii wamelijua swali moja gumu: mtambo ukinyamaza, fundi wake abaki na nini? Yule aliyeendesha gari kubwa la mgodini, je, ufundi wake ulikuwa ni lile gari, au ulikuwa ni macho yake, na uangalifu wake, na saburi yake?

Swali hili sasa limemfikia mpiga chapa naye. Zamani mtu aliyetaka kadi za arusi, au stakabadhi za duka, au karatasi za ibada ya maziko, alikwenda kwake. Leo watu wengi huandika wenyewe katika simu, na kabla chai haijapoa neno lao limekwisha kufika Geita na Mwanza na Dar es Salaam. Basi mpiga chapa aambiwa, Jifunze kazi mpya, utangaze maandishi kwa kompyuta na kwa intaneti. Shauri hilo ni jema. Walakini lina swali ndani yake, nalo yatupasa kulifikiri: katika kazi ile ya kale, ni kitu gani kilichokuwa chombo tu, na ni kitu gani kilichokuwa wajibu?

Tusidhani ya kuwa jambo hili ni geni. Katika mwaka 1492 Trithemius, mkuu wa watawa wa Sponheim katika Ujerumani, aliandika kitabu cha kuwasifu waandishi wa mkono, maana mtambo uliobuniwa na Gutenberg katika mji wa Mainz ulikuwa umeanza kuwanyang'anya kazi. Alisema ya kuwa maandishi juu ya ngozi yaweza kudumu miaka elfu, bali karatasi huenda isipite miaka mia mbili. Hata hivyo, katika mwaka 1494 kitabu chake hicho hicho kilipigwa chapa, tena huko huko Mainz. Tusimcheke. Alichokipenda hakikuwa kalamu tu. Alipenda akili iliyotulia juu ya neno, naye alihofu ya kuwa kalamu ikiondoka, utulivu nao utaondoka.

Na sasa tuitazame kazi ya mpiga chapa yenyewe. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliwafundisha vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa kupanga herufi. Baada ya miaka mitambo ya misheni ilienea, na sisi Walutheri twaukumbuka ule wa Vuga katika Usambara. Mpangaji alizichukua herufi za risasi moja moja, nazo zimegeuka kama sura katika kioo, hata n na u ziliweza kumdanganya. Ukurasa ulipojaa ulipakwa wino, ikatolewa karatasi moja ya kujaribu, nayo ikasomwa mstari kwa mstari. Kosa lilipoonekana, herufi iling'olewa, ikatiwa nyingine. Ndipo mtambo ulipoanza kazi.

Kwa nini taabu hii yote? Kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Katika mwaka 1631 Robert Barker na Martin Lucas, wapiga chapa wa mfalme huko London, walitoa Biblia iliyokosa neno moja dogo katika amri ya sita, yaani lile neno la kukataza. Msomaji wa Kiswahili aweza kulifahamu upesi: toa herufi mbili tu katika “usizini”, kisha usome kilichobaki. Walitozwa faini ya pauni 300, na ikaamriwa nakala zikusanywe ziharibiwe. Hata hivyo chache zimesalia mpaka leo, nazo zingali zawashuhudia.

Lakini hapa yatupasa kuuliza neno la kweli. Je, mpiga chapa wa kale alikuwa mwaminifu, au aliogopa hasara tu? Karatasi ilikuwa ghali, risasi ilikuwa nzito, na faini ilikuwa kali. Mtu asiyeiba kwa kuwa mlango umefungwa, hatujui bado kama ni mwizi au si mwizi. Ugumu wa kazi ulimlinda. Walakini ugumu si wema. Sasa mlango umefunguliwa. Kutangaza neno hakuna gharama, na kulifuta hakuna gharama. Siku hizi ndipo tutakapojua mpiga chapa alikuwa mtu wa namna gani, na sisi sote pamoja naye.

Mtu mwingine atasema, Huoni ya kuwa mambo sasa ni bora? Barker na Lucas wangalisahihisha kosa lao kwa dakika moja, wala kusingalikuwa na faini wala aibu. Neno hili lina haki yake. Kuweza kusahihisha ni kipawa kikubwa, na mpiga chapa yeyote wa zamani angalikipokea kwa furaha. Lakini tuulize, ni kitu gani kinachosahihishwa? Tufanye mfano. Mtu wa Kahama aandika jioni ya kuwa kampuni fulani yataka vibarua mia, waje kesho. Kijana wa kijijini asoma, auza mbuzi wake apate nauli, asafiri usiku. Asubuhi mwandishi aona ya kuwa habari si kweli, aifuta, anyamaza. Ukurasa wake sasa ni safi. Walakini mbuzi hakurudi. Tena neno lile limekwisha kunakiliwa katika simu nyingine, ambako mkono wake haufiki.

Basi twaona makosa mawili, si moja. La kwanza ni kutangaza asilolijua. La pili ni kufuta kwa siri, na hili ni zito zaidi. Maana la kwanza laweza kuwa la haraka, bali la pili ni kumwondoa shahidi. Karatasi ya zamani ilikaa katika nyumba za watu, na mara nyingi ilikuwa na jina la mpiga chapa chini yake. Hakuweza kusema, Sikusema. Neno lifutikalo halimwachii huru aliyelinena. Lamfunga zaidi, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachomfunga ila dhamiri yake.

Wala tusiseme ya kuwa chombo kipya ni adui wa kazi njema. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alifungua blogu yake katika mwaka 2005, alipokuwa Helsinki katika nchi ya Finland. Hakuanza upya kama mtoto. Alikwenda na jicho lililozoezwa gazetini, na Watanzania waliokaa mbali wakaweza kuziona habari za kwao upesi. Serikali nayo ilijaribu kuweka mlinzi wa nje: kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake pamoja zilipita shilingi milioni 2, ijapokuwa baadaye zilipunguzwa. Sheria yaweza kumwuliza mtu jina lake na fedha yake. Haiwezi kuketi kando yake usiku na kuusoma mstari kabla hajautuma.

Watu wa nchi yetu ya dhahabu wajua ya kuwa tani nzima ya mawe mara nyingi hutoa gramu chache tu, na mawe hayaitwi dhahabu kabla hayajasagwa na kupimwa. Mpiga chapa ndiye aliyezoea kupima hivyo katika maneno. Basi asijione kuwa ni mtu aliyepitwa na wakati. Ayaache makasha ya herufi bila machozi, ajifunze kompyuta, ila asiache mambo matatu: kusoma kabla ya kutoa, kuweka jina lake chini ya neno lake, na akikosea, kusema wazi, Jana nilisema hivi, nalo si kweli.

Nanyi makatekista na wazee, mnaotuma matangazo ya usharika kwa simu, kazi hii sasa ni yenu pia. Kama kwenu yupo mtu aliyefanya kazi ya chapa, msimwache akae bure. Mpelekeeni tangazo alisome kwanza, hata kama litachelewa saa moja.