Uga Sare na Ukweli wa Katikati

Mwanafunzi wa fizikia huchorewa mabamba mawili ya chuma yaliyoelekeana, moja chanya, jingine hasi. Kati yake hupangwa mishale iliyonyooka, sambamba, yenye nafasi sawa. Huo ndio uga sare wa umeme. Huambiwa kwamba chaji yoyote ikiwekwa humo itasukumwa kwa kani ile ile, iwe karibu na bamba la juu au la chini. Kisha hupewa kanuni: gawanya volti kwa umbali wa pengo. Anakokotoa, anapata alama, anaendelea na mada nyingine.

Mchoro huo una kosa, nalo liko ukingoni, pale mishale inapokoma ghafla kana kwamba imekatwa kwa wembe. Tuseme ndivyo ilivyo kweli. Chaji chanya ingeachwa isukumwe kutoka bamba chanya hadi bamba hasi, ikijipatia nishati. Ingetolewa ubavuni, irudishwe juu kupitia nje ambako hakuna uga wa kuipinga, halafu iingizwe tena. Kila mzunguko ungeleta nishati isiyotoka popote! Jambo hilo haliwezekani. Kwa hiyo uga wa ukingoni lazima utune na kujipinda kuelekea nje, na hakuna fundi, hata awe hodari vipi, atakayeuzuia. Usare kamili ungehitaji mabamba yasiyo na mwisho.

Basi anayeujua uga sare anajua nini, ikiwa kitu chenyewe hakipo popote?

Robert Millikan na mwanafunzi wake Harvey Fletcher walikuwa na jibu la vitendo katika Chuo Kikuu cha Chicago, kuanzia mwaka 1909. Mabamba yao ya duara yalikuwa na kipenyo cha sentimita 22, yametenganishwa kwa milimita 16 tu. Walipuliza ukungu wa mafuta juu yake, na tone moja moja likapenya kwenye kitundu cha bamba la juu. Kwenye darubini tone lilionekana kama nukta ya mwanga gizani, likishuka polepole. Umeme wa maelfu ya volti ukiwashwa, lilipanda. Mara likabadili mwendo ghafla: limenasa ioni kutoka hewani. Mabadiliko hayo ya chaji yalikuja siku zote kwa mafungu kamili ya kiasi kimoja, chaji ya elektroni.

Hapo ndipo thamani ya usare inapoonekana. Tone lilitangatanga, na kama kani ingebadilika kwa kila milimita, kipimo kingetegemea mahali lilipo. Katikati ya mabamba mapana kiasi hicho, mahali hapakuwa na uzito wowote katika hesabu. Ukingo ulikuwa mbali, umbali wa karibu mapengo saba, na athari ya kujipinda hufifia haraka mno kabla ya kufika katikati. Usare, kwa hiyo, ni dai kuhusu eneo fulani, kwa kiwango fulani cha usahihi. Dai la namna hiyo linaweza kuwa kweli kabisa.

Historia inalithibitisha kwa njia ya kusisimua. Thamani ya chaji ya elektroni aliyoitoa Millikan mwaka 1913, kwa vipimo vya leo, ni takriban 1.592 × 10⁻¹⁹ kulombi. Inayokubalika sasa ni 1.602 × 10⁻¹⁹. Tofauti haifiki asilimia moja, na chanzo chake kikuu hakikuwa ule uga wa kudhania. Kilikuwa hewa ya kawaida, ambayo mnato wake ulikuwa umepimwa vibaya kidogo.

Ndiyo maana inasikitisha kuona ukingo ukifutwa katika michoro ya darasani. Anayeonyeshwa mishale iliyopinda huelewa kwa nini ile ya katikati inaaminika. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliuchukulia ukingo kwa uzito unaostahili: katika elektromita yake alilizungushia bamba la kupimia pete yenye volti zile zile, akaacha ufa mwembamba tu kati yake. Uga bado ulijipinda, lakini ulijipinda kwenye pete, ambayo kani yake haikupimwa.