Cheti cha Anayengoja Safari

Sisi watu wa Kusini tumelelewa na kungoja. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, basi lililotoka Dar es Salaam kuja Lindi lilifika Ndundu likaingia foleni ya kivuko cha Rufiji, na masika yakikolea abiria walilala njiani, mama lishe wakapata wateja ambao hawakuwa na pa kwenda. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na maji yakaikata barabara maeneo ya Somanga, tulionjeshwa tena. Hapa Mchinga magari ya Dar yalikoma kupita, na mwenye safari akakaa barazani kusubiri habari.

Hata hivyo, anayengoja kivuko hukiona ng'ambo ya pili kikipakia magari. Anajua kitakuja. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, watu wanangoja kitu wasichokiona. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita ya mashariki mwa nchi yao, na baadaye wakaongezeka Warundi. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto wawili au watatu, na watoto hao nao ni wakimbizi wa nchi ambayo hata baba yao hajawahi kuikanyaga.

Wengi wao wamekuwa wakingoja kuhamishiwa nchi ya tatu, na kwa Wakongomani nchi hiyo mara nyingi ilikuwa Marekani. Mwenye kesi aliitwa kwenye mahojiano, akaitwa tena, akapimwa afya, akafundishwa desturi za huko aendako, kisha akaambiwa asubiri. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, na takriban 20,000 kati yao walitoka Kongo. Hakuna taifa lililotoa wengi kuliko hilo. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa huko akatia saini amri ya kuusimamisha mpango mzima. Waliokuwa na tiketi mkononi walifutiwa safari, na baadhi yao walikwisha kuuza vyombo vya nyumbani.

Habari hiyo niliisikia redioni nikiwa na mzee mmoja jirani yangu hapa Mchinga. Ni Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, miongoni mwa wale ambao zamani watu wa pwani waliwaita Wamawia, tena kwa dharau. Afadhali siku hizi jina hilo halisikiki sana. Hakuuliza chochote kuhusu ndege. Aliuliza kama watoto wa kule kambini bado wanakwenda shule.

Aliuliza kwa sababu anajua anachokiuliza. Ukitoka pwani hii ukapanda bara unafika Rutamba, na kijana wa leo akisikia Rutamba hufikiria ziwa na mashamba. Miaka ya 1960 Rutamba ilikuwa makazi ya wakimbizi. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, ilipoanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, watu wa Cabo Delgado na Niassa walivuka mto kwa maelfu, na serikali ya Tanzania pamoja na mashirika ya misaada wakawapa ardhi Rutamba huku kwetu, na Muhukuru na Lundo kule mkoani Ruvuma. Walipewa mashamba, zahanati na shule. Jirani yangu alifika akiwa amebebwa, na kusoma na kuandika alijifunzia huko. Anasimulia kwamba wao watoto walikuwa wakimsumbua mwalimu kwa swali moja tu, lini tunarudi kwetu, na mwalimu hakuwa na jibu ila jedwali la saba. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975 ndugu zake wengi walirudi. Yeye alibaki, akaja pwani, akafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na kwa kuwa alijua hesabu ndiye aliyeshika daftari la magunia.

Daftari la magunia ni jambo dogo, najua. Lakini tazama waliosomea nchi hii wakati ule. Filipe Nyusi alizaliwa Mueda mwaka 1959, akavushwa Ruvuma akiwa mtoto, akasoma shule ya msingi ya FRELIMO pale Tunduru. Kuanzia Januari 2015 hadi Januari 2025 alikuwa Rais wa Msumbiji. Graça Machel, kabla hajaitwa kwa jina hilo, alifanya kazi katika shule ya sekondari ya FRELIMO Bagamoyo, na nchi yake ilipopata uhuru akawa waziri wa elimu. Alirithi nchi ambayo zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawakujua kusoma. Miaka 21 baadaye, mwaka huohuo wa 1996 ambao Nyarugusu ilifunguliwa, ndiye aliyeupelekea Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu watoto katika vita, na humo alisisitiza kwamba shule isisubiri vita viishe.

Nisije nikaipaka sukari historia hii. Shule za FRELIMO zilikuwa na ugomvi wake, na ugomvi mkubwa kuliko yote ulihusu jambo hilihili la safari. Kurasini, Dar es Salaam, kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule iliyoanzishwa mwaka 1963 na kusimamiwa na Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane aliyeiongoza FRELIMO. Wanafunzi waliofika madarasa ya juu walitazamia ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo. Viongozi wakawaambia kwamba wana deni kwa wenzao walio vitani, na mtu hasomi ili ayakimbie mapambano. Machi 1968 fujo zilizuka, shule ikafungwa, na baadhi ya vijana wakakimbilia Kenya, wakawa wakimbizi mara ya pili. Sekondari ilifunguliwa upya Bagamoyo mwaka 1970.

Kila nikiusoma mkasa huo nawahurumia wote. Viongozi walikuwa na hoja, kwani ukimsomesha kila mwerevu kisha ukampandisha ndege, kijiji kinabaki na nini? Vijana nao walikuwa na hoja yao. Ukishamfungua mtu macho kwa kitabu, huwezi kumchagulia upande wa kutazama. Jambo moja tu halikubishaniwa na yeyote kati yao: wote waliamini kwamba masomo yale yana pa kwenda. Mwanafunzi wa Tunduru alisomea Msumbiji ambayo ilikuwa bado haijazaliwa, na miaka michache baadaye ikazaliwa ikamhitaji.

Nyarugusu haiko hivyo, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Watoto wa Kikongomani kambini husoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na wanaomaliza sekondari hufanya mtihani wa taifa wa Kongo. Warundi wamekuwa wakisoma mtaala wa Burundi. Hoja iliyowekwa tangu mwanzo ni kwamba mtoto akirudi kwao asikute kila kitu kigeni. Ilikuwa hoja nzuri mwaka 1996. Lakini mtoto huyo nyumbani anazungumza Kiswahili, nje ya uzio kuna Tanzania inayofundisha sekondari zake kwa Kiingereza, na ndoto ya familia iko Marekani ambako Kifaransa chake hakitamsaidia sana. Ndiyo maana wakimbizi wenyewe huanzisha madarasa ya Kiingereza ya jioni, mwalimu akiwa kijana aliyetangulia kujua kidogo. Mtu anasoma Kifaransa asubuhi kwa ajili ya nchi aliyoikimbia, jioni anasoma Kiingereza kwa ajili ya nchi iliyomfungia mlango, na lugha anayoiota usiku haimpi cheti chochote.

Pamoja na hayo wanakwenda shule. Warundi walipofurika mwaka 2015, madarasa yalifanyika chini ya miti, na mvua ikinyesha somo linaahirishwa. Wasichana hutumwa kuni, na njia ya kuni nje ya kambi ina hatari zake kwa mtoto wa kike. Bado wanakwenda. Huku kwetu Lindi, elimu haina ada hadi kidato cha nne tangu 2016, hakuna bunduki inayolia, na msimu wa ufuta ukifika viti vinabaki wazi darasani. Sisemi hili kuwasuta wazazi wenzangu, maana shamba nalo lina haki yake. Nasema kwa sababu huwa tunawazungumzia wakimbizi kana kwamba ni watu wa kupewa moyo, kumbe katika hili wao ndio wanaoweza kututia moyo sisi.

Shule inampa nini anayengoja? Inamfanya awe mtu wa darasa la sita, halafu la saba, wakati kila kitu kingine maishani mwake kimesimama. Faili lake la uhamisho linaweza kulala mezani kwa mgeni miaka minane, lakini hakuna ofisa anayeweza kumzuia asijue leo jambo ambalo jana hakulijua. Duniani kote wanaopata kuhamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata asilimia 1 ya wakimbizi wote. Tumaini lililofungwa kwenye ndege peke yake ni la wachache mno. Na hata wanaofika huko, wengi huanzia viwanda vya nyama na maghala. Anayeondoka haraka kwenye mstari wa visu ni yule aliyefika na lugha na cheti kinachosomeka.

Elimu isiyo na mlango wa kutokea nayo huumiza. Kijana wa Nyarugusu aliyemaliza sekondari anakutana na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, ambayo haimruhusu kutoka nje ya kambi bila kibali. Kazi hana, chuo kiko mbali. Mpango wa ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, husaidia wachache. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2024, ni takriban asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi duniani waliofika elimu ya juu, na lengo ni asilimia 15 ifikapo 2030. Ukimsomesha mtu kisha ukamfungia, umemwongezea uwezo wa kupima urefu wa uzio.

Tanzania ilikwisha kufanya vizuri kuliko hivi. Warundi wa mwaka 1972 waliopokelewa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walilima, watoto wao wakasoma mtaala wetu, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu wa makazi hayo walipewa uraia. Kenya huwaruhusu wanafunzi wa Kakuma kufanya mitihani ya kitaifa ya Kenya. Uganda huwaketisha watoto wa wakimbizi na wa wenyeji darasa moja. Sisi, tuliokuwa walimu wa Kusini yote ya Afrika, tumejifungia. Hata wajukuu wa wale wa Rutamba, walipovuka tena Ruvuma mwaka 2021 baada ya mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kushambuliwa, wengi tuliwarudisha kupitia mpaka wa Negomano. Hofu yetu naielewa, kwani kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilikuwa kimevamiwa na wapiganaji kutoka ng'ambo hiyo Oktoba 2020. Lakini jirani yangu alipoyasikia hayo alinyamaza siku nzima, nami sikuwa na la kumwambia.

Sidai kambi zifunguliwe kesho, wala sidai watoto wa Kongo wapokonywe Kifaransa chao. Ninachoomba ni kidogo, na kinawezekana bila kujenga hata darasa moja jipya. Wizara ya Mambo ya Ndani na Wizara ya Elimu zimruhusu mwanafunzi wa kambini anayetaka ajiandikishe kwa mtihani wetu wa kidato cha nne wa Novemba, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani hulinganisha vyeti vya nje kila mwaka. Cha mkimbizi nacho kilinganishwe, bila kumtaka alete barua kutoka serikali aliyoikimbia. Na anayefaulu apewe kibali cha kwenda chuoni kinachodumu kozi nzima. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Vijana wale si wageni tena katika eneo hili, na mtihani wa Novemba hufanyika kila mwaka.