Msishushe Mabati

Ijumaa usiku tulikuwa tisa juu ya ghorofa ambalo halijaisha, hapa Kamwokya. Mabati yamesimama, mapipa yamepangwa chini yake, taa kubwa zinawaka. Saa nne mvua ikafika. Ilikuwa mvua ile ya Aprili inayogeuza vichochoro vya bondeni kuwa mito, watu wakapandisha magodoro juu ya meza. Tone la baridi liligusa balbu ya moto, ikapasuka. Jumamosi ikawa vilevile. Jumapili alfajiri tukapima mavuno ya wikendi ya kwanza ya msimu: nsenene, panzi wetu wa kuliwa, wasiojaza kikombe cha chai.

Wenzetu watatu wakaanza kung'oa misumari. Nawaandikia wao, na kila kijana wa Kampala aliyekopa pesa ya balbu na leo anatazama mabati yaliyolowa.

Ndugu yangu, weka nyundo chini.

Mvua iliyokunyima ndiyo inayokuandalia. Nsenene anapenda mashuke ya nyasi. Mvua isiponyesha, nyasi haitoi shuke, na kundi halitokei. Mvua kubwa humbana majanini, basi. Ikipungua ikawa manyunyu na ukungu, anapaa. Mshindani wako hasa ni mbalamwezi, kwa kuwa taa yako haing'ai mbele yake. Na Ijumaa, nyuma ya yale mawingu, mwezi ulikuwa mpevu! Tulipanda usiku mgumu kuliko yote ya mwezi, kisha tunataka kuuhukumu msimu mzima kwa usiku huo.

Bibi zetu wa Buganda hawakuwa na balbu. Waliamka alfajiri, wakaokota nsenene kwa mkono mmoja mmoja, umande ukiwa bado majanini. Mke aliyemkusanyia mumewe alistahili kununuliwa gauni la gomesi. Mavuno yakiwa haba, kesho yake waliamka tena. Novemba yenyewe kwa Kiganda ni Museenene; watu waliompa mdudu mwezi mzima hawakumpima kwa siku mbili. Ng'ambo ya mpaka, Bukoba, Wahaya nao humngoja senene wao hivyohivyo, mvua hadi mvua.

Najua msimu huu wa Aprili na Mei ni mdogo kuliko ule wa Novemba. Najua pia nyasi na vinamasi vinageuka nyumba, na wategaji wakongwe wanasema makundi yamepungua. Nawaamini. Ndiyo sababu siwezi kukubali tuupoteze hata usiku mmoja wa giza kwa sababu ya kukata tamaa.

Na tusijidharau. Hapa hapa Kira Road yako makao makuu ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa 1996. Mwenye bunduki na pesa hupitia huko kutafuta kibali cha kuwinda. Windo letu linataka mabati, moshi wa majani mabichi na macho yasiyolala. Ni uwindaji kamili. Na nyama yake ni nyama: zaidi ya theluthi moja ya uzito wa nsenene mkavu ni protini.

Tena windo hili si letu peke yetu. Wako akina mama na dada sokoni walioketi na mabeseni matupu wakitungoja. Gunia likishuka, wao ndio wanaonyonyoa mabawa na miguu, vidole vikigeuka kijani, wakilipwa kwa kipimo. Kisha nsenene anaingia kwenye sufuria, anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, kitunguu na chumvi vinatosha, na harufu inapanda kichochoro kizima. Kijana mwingine anachukua ndoo yake na kikombe, anakwenda kuuza kwenye foleni ya magari. Ada ya shule ya mtoto fulani iko kwenye gunia ambalo bado hatujalishusha. Ukishusha mabati, huwaachi wenzako wanane tu.

Basi tupande kwa akili. Balbu tuzijengee kipaa kidogo. Nyaya tuziinue zisilale kwenye maji, na mwenye mikono iliyolowa asiguse hata moja; hakuna gunia lenye thamani ya mtoto wa mtu. Tuvae mikono mirefu na miwani, maana taa zile zinaunguza macho, na vile vidudu vyekundu na vyeusi vinavyofuata mwanga vinababua ngozi. Gharama tuchange, hasara isimlemee mmoja.

Balbu mbili za akiba ziko chini ya kitanda changu, nimezifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Leo ni Jumatano. Mwezi hautachomoza mpaka karibu saa tano, kwa hiyo tuna takriban saa tatu za giza. Upande wa Kololo ukungu umeanza kushuka na upepo umetulia. Saa moja na nusu nawangoja ngazini, ninyi watatu mkiwa wa kwanza.