Nyayo za Laetoli na Ukweli wa Muumba
Huko Laetoli, kusini mwa Olduvai nchini Tanzania, majivu ya volkano yaliyoganda yamehifadhi nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Kisigino kimezama, kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na vingine, na hata alama za matone ya mvua zimebaki. Umri huo haukubuniwa: sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika madini ya volkano hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana, na agoni iliyojikusanya hupimwa.

Wapo waumini wanaojibu kwamba Mungu angeweza kuumba mwamba ukiwa tayari mkongwe. Uwezo huo siupingi. Lakini jibu hilo linamfanya Muumba achore nyayo za miguu isiyowahi kukanyaga, na matone ya mvua isiyowahi kunyesha. Tunayemkiri kuwa Mkweli, tutamsingiziaje hila ili tulinde hesabu yetu ya siku za uumbaji? Naye anayehofu kwamba mamilioni hayo ya miaka yanamdunisha mwanadamu anapima thamani kwa urefu wa muda, kipimo ambacho yeye mwenyewe hakitumii kwa mtoto aliyezaliwa jana.