Amehesabiwa Haki. Na Haki Yetu?

Wakristo wa Kiswahili wana msemo ambao ukiutazama vizuri unanuka daftari la duka: kuhesabiwa haki. Paulo anawaandikia Warumi kuhusu Ibrahimu, mtu aliyemwamini Mungu na imani hiyo ikaandikwa kwake kama haki. Hakuifanyia kazi. Aliyefanya kazi anapokea mshahara, na mshahara hauitwi zawadi.

Sasa, haki ndilo neno lilelile mama mboga analotumia akidai pesa zake. Kiswahili hakitofautishi usafi mbele za Mungu na kile unachonidai, na si udhaifu wa lugha yetu. Kigiriki cha Paulo nacho kina dikaiosune kwa yote mawili. Kiingereza ndicho kiliyagawa, na nadhani mgawanyo huo umetuponza.

Chukua mweka hazina wa chama. Watu kumi, kila mtu elfu nane. Jamaa anakula zote 80,000 na kuzima simu. Mwaka unaofuata yuko kanisani na maikrofoni, ameokoka, ya kale yamefutwa. Makofi. Mkimfuata nje anawauliza: Mungu amesamehe, kwani nyinyi ni nani? Nimemtunga, lakini sidhani kuna msomaji asiyemjua. Na shida ni kwamba kwa theolojia aliyofundishwa, hajasema uongo.

Theolojia hiyo ina sababu nzuri. Mwaka 1517 Martin Luther alipinga biashara ya vyeti vya rehema, ambapo watu walitoa pesa wapunguziwe adhabu ya dhambi zao. Katika mji huu wetu ambapo unaambiwa upande mbegu kwa paybill ndipo ubarikiwe, mimi niko upande wa Luther kabisa. Alisisitiza imani peke yake hadi akaliongeza neno hilo kwenye tafsiri yake ya Warumi ya mwaka 1522, na waraka wa Yakobo, unaodai matendo, akauita wa majani makavu. Mwaka 1999 huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa kwa neema, si kwa kustahili, na matendo mema ni matunda yake.

Sawa. Lakini katika mabishano hayo marefu, wanaoongelewa zaidi ni wawili, Mungu na mwenye dhambi. Aliyeibiwa yuko wapi?

Zakayo anajua. Yesu alijialika kwake kabla mtoza ushuru huyo hajaahidi chochote, kwa hiyo neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Torati ilimtaka anayeungama mwenyewe arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Zakayo hakuwa ananunua wokovu, maana mgeni alikuwa tayari ndani ya nyumba. Ni kwamba sasa aliweza kuwatazama watu wa Yeriko usoni.

Babu na nyanya zetu walilielewa hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya miaka ya 1930, ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kurudisha walivyoiba, hata kwa waajiri wao wazungu (ambao, tuseme ukweli, walikuwa wamekalia mashamba ya watu). Kuokoka kulikuwa na safari ya kwenda kwa mwenyewe.

Utaniuliza, na yule mwizi msalabani? Hakumrudishia mtu hata senti, na aliahidiwa paradiso siku hiyohiyo. Kweli, na simnyimi. Lakini mikono yake ilikuwa juu ya mti. Ya mweka hazina inashika simu.

Deni lake kwa Mungu, Mungu amelifuta, na sina ubishi. Langu elfu nane ni langu kusamehe, na huenda nikasamehe, lakini si kwa kutangaziwa na maikrofoni. Kama hana, aseme hana. Aje na elfu mbili kila mwisho wa mwezi, sisi kumi tugawane, hata ikichukua miaka mitatu na miezi minne.